Maswali ya Wasomaji: Ukuta wa Nyuma wa Kizimba cha Chura wa Mitini

Barua za mwezi huu zimetoka Mafinga, Uyole, Mbeya mjini, Kyela na Makete, na zote, kila moja kwa njia yake, zinauliza jambo moja: ni kitu gani kinachoweza kuwekwa kwenye kioo cha nyuma cha kizimba cha chura wa mitini bila kumdhuru. Nimeamua kuzijibu pamoja, nikianza na ile iliyo ndefu, kwa sababu majibu ya nyingine yanategemea maelezo yaliyomo humo.

SWALI: Mzee wetu, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule moja ya sekondari hapa Mafinga. Klabu yetu ya mazingira inatunza, kwa kibali, vyura wanne wa mitini wale wenye macho makubwa, wawili wa kijani na wawili wa kahawia, ndani ya kizimba cha kioo chenye upana wa sentimita 45 na kimo cha sentimita 60. Kwa sasa kioo cha nyuma kiko wazi, na vyura wanakosa utulivu kila mtu anapopita nyuma yao. Fundi seremala ameshauri tubandike mabanzi ya paini yenye magome yake, ambayo hapa kwetu hupatikana karibu bure, ayapake vanishi ili yasioze, kisha ayashikize kwa silikoni. Je, kuna hatari yoyote?
Mwalimu, Mafinga

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Nashukuru kwamba umeuliza kabla fundi hajafungua kopo la vanishi. Chura mnayemtunza, ambaye wataalamu humwita Leptopelis vermiculatus, hapatikani porini katika nchi nyingine yoyote isipokuwa Tanzania, katika misitu ya milima kama Usambara na Udzungwa, kwa hiyo uangalifu wenu una thamani kubwa kuliko ukubwa wa kizimba chenu.

Kabla ya kumjibu fundi, naomba tumtazame chura mwenyewe. Chura hanywi maji kwa kinywa. Hukaa juu ya kitu chenye unyevu, akakandamiza tumbo na sehemu ya chini ya mapaja, na ngozi ya hapo, iliyo nyembamba na yenye mishipa mingi ya damu, huyafyonza maji hadi mwilini pamoja na chochote kilichoyeyuka ndani yake. Sehemu ya hewa anayoihitaji nayo hupita katika ngozi hiyohiyo. Mjusi akilala juu ya ubao uliopakwa dawa analindwa kwa kiasi na magamba yake, lakini chura hana kinga ya namna hiyo. Tena chura wa mitini hulala mchana kutwa akiwa amejibandika mahali pamoja, miguu ameikunja chini ya tumbo, macho ameyafumba, kwa saa kumi au zaidi bila kusogea. Mahali hapo mara nyingi huwa ni ukuta wa nyuma. Ukuta huo, kwa maneno mengine, ndio kitanda chake na ndicho kikombe chake, na swali la kwanza la kujiuliza kuhusu kila kitu unachotaka kukiweka pale ni hili: maji yakikaa juu yake kwa siku kumi, yatachukua nini kutoka ndani yake?

Ukiyapima mabanzi ya paini kwa swali hilo, yanashindwa. Ile harufu unayoisikia ukipita karibu na mashine za kupasulia mbao hapo Mafinga, wakati magogo ya Sao Hill yanapopasuliwa, ni mvuke wa kemikali zilizomo katika utomvu, na katika kizimba chenye joto na unyevu mvuke huo hukosa pa kutokea. Mkaratusi una tatizo kama hilo, kwa kuwa majani na magome yake yamejaa mafuta makali. Miwati, ambayo wasomaji wetu wa Njombe huipendekeza kwa sababu gome lake lina mikunjo mizuri, ina tanini nyingi kiasi kwamba magome yake yamevunwa kwa miaka mingi kwa kazi ya kutengenezea ngozi, na kitu kinachogeuza ngozi mbichi ya ng'ombe kuwa ngozi ya kiatu sipendi kikae usiku kucha chini ya ngozi ya chura aliye hai.

Kuna hatari nyingine inayohusu eneo lenu hasa. Ninyi mnaishi mahali ambapo nguzo na mbao hutiwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza, na dawa iliyozoeleka, ile inayoacha rangi ya kijani hafifu kwenye mti, ina shaba, kromiamu na aseniki. Vipande vya mbao hizo huchanganyika na vingine kwenye lundo, vikinyeshewa na kupigwa jua rangi hufifia, na mtoto aliyetumwa kuokota hatavitofautisha. Vipande vilivyopakwa oili chafu ni rahisi zaidi kuvitambua kwa harufu na weusi wake, navyo ni sumu vilevile. Kwa sababu hiyo mimi siokoti kabisa kipande cha mti ambacho sijui kilikotoka.

Vanishi haiondoi tatizo, bali huongeza jingine. Ndani ya kizimba kinachonyunyiziwa maji kila siku, mbao hunywa maji kupitia nyuma na pembeni, hufura, na vanishi hupasuka na kubambuka vipande vidogo ambavyo chura anaweza kuvimeza pamoja na nyenje anayemkamata. Plaiwudi na mbao za unga wa mbao ulioshikizwa kwa gundi nazo ziachwe, kwa kuwa gundi yake hutoa formaldehaidi, na zikilowa huvimba na kumeguka.

Kuhusu silikoni niruhusu nieleze kwa kirefu, kwa sababu hapa nilipata hasara mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, nikiishi Iringa mjini, nilikuwa na vyura watatu wadogo wa matete, na nilibandika gome moja safi kabisa la mti kwa silikoni niliyouziwa dukani kwa maelezo kwamba ni ya ubora wa juu. Sikusoma maandishi madogo yaliyokuwa pembeni mwa mrija. Asubuhi ya siku ya tano nilipofungua mlango, chura mmoja alikuwa ameanguka chini, miguu ya nyuma ameinyoosha wima kama vijiti, mwili umefunikwa ute mzito mweupe, na nilipomgusa hakuikunja. Wa pili alikufa jioni ile. Ndipo nilipousoma mrija ule na kukuta kwamba ilikuwa silikoni ya bafuni, iliyochanganywa na dawa ya kuua ukungu. Dawa hiyo imetengenezwa makusudi iendelee kutoka polepole kwa miaka, kila mahali panapolowa. Gome halikuwa na kosa lolote. Silikoni inayofaa ni ile iliyoandikwa kwamba ni silikoni tupu na kwamba inafaa kwa matangi ya samaki. Ikipakwa hutoa harufu kali ya siki, na harufu hiyo huisha kabisa ikishakauka. Ukiona popote pameandikwa kwamba inazuia ukungu au kwamba ni ya jikoni na bafuni, irudishe dukani.

Sasa, Mwalimu, ninachokushauri ufanye ni rahisi kuliko alichokuambia fundi. Acha kioo cha nyuma bila kitu kwa ndani, na uweke ukuta kwa nje. Chukua ile plastiki nyeupe nyepesi inayozungushiwa runinga mpya ndani ya boksi lake, ikate kwa kipimo cha kioo, ifunike kwa kitambaa cha kijani kibichi au karatasi nyeusi, kisha ikandamize nyuma ya kizimba na uifunge kwa utepe. Hakuna gundi wala rangi itakayomfikia chura, vyura hawataona tena watu wanaopita, na katika usiku wa mwezi Juni na Julai, ambapo Mafinga hupata baridi kali, plastiki hiyo hupunguza upotevu wa joto kupitia kioo. Wapo watakaosema kwamba huo si msitu. Msitu wenyewe uuweke mbele ya kioo kwa matawi na mimea hai.

Kwa matawi, mti ninaoupenda kuliko yote ni mpera. Ni mgumu, hauna utomvu wenye harufu, na ukishamenya magome yake yanayobambuka hubaki laini kama mkono wa kiti cha zamani, jambo ambalo ni muhimu, kwa sababu sehemu zenye ncha na ukwaruzo humchubua chura tumboni na puani anaporuka usiku. Sugua kwa brashi na maji bila sabuni, mwagia maji yanayochemka, kausha juani kwa wiki mbili. Mwanzi mkavu nao unafaa, uliokatwa na kulainishwa ncha kwa msasa, ingawa katika unyevu hauishi miaka mingi. Kuwa mwangalifu na vigogo vya mibuni, ambavyo nimeona watu wa Mbozi na Rungwe wakivitumia kwa sababu ya umbo lake zuri: mti wenyewe ni mwema, lakini mashamba mengi ya kahawa hupigwa dawa za shaba dhidi ya magonjwa ya kuvu, shaba hubaki kwenye gome, na kwa vyura shaba ni sumu hata ikiwa kidogo. Kibuni kutoka shamba ambalo unajua kwa hakika kwamba halikupigwa dawa, sawa. Vinginevyo kiache.

Na kwa kuwa una klabu ya wanafunzi, wape kazi hii. Kila kitu mnachotaka kukiweka ndani kitieni katika mtungi wa kioo wenye maji yaliyokaa wazi siku moja, na mtungi wa pili uwe na maji yaleyale bila kitu. Baada ya siku kumi linganisheni harufu, rangi, utando wa mafuta juu ya maji, na uchachu kwa karatasi za maabara. Maji kuwa na rangi ya chai hafifu si tatizo. Utando unaong'aa rangirangi, au kipimo cha pH kupita 8, ni sababu ya kukikataa. Mwishoni tieni viluwiluwi kumi wa mbu katika kila mtungi na mwangalie baada ya siku moja. Wakifa katika mtungi wenye kitu na kubaki hai katika ule mwingine, mmepata jibu lenu, ingawa kubaki kwao hai hakutoshi peke yake kuthibitisha kwamba kitu ni salama. Mkimaliza, wamwageni juu ya mchanga mkavu kabla hawajawa mbu.

SWALI: Ndugu mshauri, salaam. Mume wangu ni mwashi, na alinitengenezea ukuta mzuri wa mawe ya bandia kwa saruji, akauchanganyia rangi ya oksaidi nyekundu ile ya sakafuni, akauacha ukauke siku tano. Niliwarudisha vyura wangu siku tatu zilizopita. Hawataki kuukaribia ukuta. Wote wamejibandika kwenye kioo cha mbele, na mmoja tumbo lake limekuwa jekundu. Je, ni rangi ile inayowadhuru?
Mama wa watatu, Uyole

JIBU: Mama, tafadhali watoe leo hiihii, kabla hujamaliza kusoma jibu hili. Kila mmoja msuuze taratibu kwa maji safi yaliyokaa wazi tangu jana, kisha uwaweke katika ndoo safi za plastiki zenye matundu kwenye kifuniko, chini ukitandika karatasi nyeupe za tishu zisizo na manukato, zilizoloweshwa, ukizibadilisha kila siku. Yule mwenye tumbo jekundu mtenge peke yake na umpeleke kwa daktari wa mifugo, kwa sababu wekundu wa tumbo na mapaja unaweza pia kuwa dalili ya maambukizi yanayoingia ngozi inapochubuka.

Rangi ya oksaidi haina kosa. Ni kutu ya chuma iliyosagwa, haiyeyuki katika maji, na ndiyo ambayo hata mimi ningeichagua. Kinachowaunguza ni chokaa iliyomo ndani ya saruji. Saruji ikishikana hutoa chokaa ambayo huendelea kutoka kila inapolowa, na maji yanayogusa saruji mbichi hufikia pH ya 12 au 13, wakati kipimo cha maji ya kawaida ni 7. Mumeo anaijua hali hiyo vizuri: mwulize vidole vyake huwaje jioni baada ya kushika zege mchana kutwa bila glavu. Ngozi ya mwashi ni nene na huosha mikono akimaliza kazi, lakini chura wako alilazwa juu ya chokaa hiyo.

Wala ukuta usiutupe, kwa kuwa kazi ya mumeo inaweza kuokolewa. Kama unatoka, utoe uzamishe wote katika pipa la maji. Kama umeshikamana na kioo, laza kizimba chali na ujaze maji hadi yaufunike. Maji yabadilishwe kila baada ya siku mbili au tatu. Katika wiki ya kwanza tia vikombe viwili vya siki katika ndoo moja ya maji mara moja au mbili, kisha suuza, kwa sababu siki huiyeyusha chokaa ya juu. Utaona ukungu mweupe majini na vumbi jeupe likitokea juu ya mawe yakikauka, na hiyo ndiyo chokaa inayotoka. Kazi hii huchukua wiki tatu hadi sita. Usihesabu siku tu, pima: yaache maji mapya juu ya ukuta kwa saa 48, kisha uchovye karatasi ya pH, ambayo mwalimu wa kemia wa shule ya jirani hatakunyima, na ukipata kati ya 6.5 na 7.5 mara tatu mfululizo, ukuta umekuwa salama.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Mbeya. Nataka ukuta wa kuvu-maji na majani yanayotambaa. Nimepata chandarua cha zamani cha nyumbani cha kushikilia kuvu-maji, na wavu wa chuma wa banda la kuku wa kukitia nguvu kwa nyuma. Kuvu-maji yenyewe ninaweza kuichukua kando ya barabara kule Isyonje au ndani ya msitu wa Rungwe. Ipi ni bora?
Kijana, Mbeya mjini

JIBU: Kijana wangu, wazo la ukuta hai ni zuri, na huo mmea mdogo wa kijani unaofunika mawe na vigogo, ambao wewe unauita kuvu-maji, wengi wetu katika vitabu vya shule tuliufundishwa kwa jina la mosi. Lakini kati ya vitu vinne ulivyovitaja hakuna hata kimoja ninachoweza kukikubali kama kilivyo.

Chandarua ndicho kibaya kuliko vyote. Vyandarua vingi tunavyopewa katika kampeni za kupambana na malaria vimetiwa viuatilifu ndani ya nyuzi, vimeundwa kustahimili kufuliwa mara nyingi, na dawa hizo, ambazo kwa mtu anayelala chini yake hazina madhara makubwa, ni kali sana kwa samaki na vyura, na zitaua pia nyenje utakaowalisha. Kukifua hakutoshi, wala uzee wake si uthibitisho kwamba dawa imeisha. Wavu wa chuma wa kuku umepakwa zinki, ambayo huyeyuka polepole katika unyevu na kumfikia chura, na kwa sababu iyo hiyo maji ya mvua yaliyotoka kwenye mabati si mazuri ya kunyunyizia. Yakinge kwa beseni lililowekwa uwanjani, mbali na paa. Ukihitaji wavu, nunua ule wa plastiki wa madirishani ambao haujatiwa dawa, uloweke na uupime kwa njia niliyomweleza Mwalimu wa Mafinga.

Mosi ya kando ya barabara ya Isyonje imezungukwa na mashamba ya viazi, na viazi mviringo hupigwa dawa za ukungu mara nyingi katika msimu mmoja. Mosi haina mizizi ya kweli, hunywa kila kinachoiangukia kwa majani yake, na hukihifadhi. Ile ya msituni haina viuatilifu, lakini msitu wa Rungwe ni hifadhi na huruhusiwi kuondoa mimea humo. Kuna sababu nyingine pia, ambayo nataka uielewe vizuri. Katika korongo la Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, aligunduliwa mwaka 1996 chura mdogo anayezaa vitoto badala ya kutaga mayai, ambaye hakuwahi kuonekana mahali pengine popote duniani. Maji ya maporomoko yalipopunguzwa kwa ajili ya umeme aliteseka, na mwaka 2003 idadi yake ilianguka ghafla, wakati uleule ambapo kuvu hatari anayeshambulia ngozi za vyura aligunduliwa pale. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Amebaki kwa sababu tu baadhi yao walikuwa wamepelekwa mwaka 2000 kwenye bustani za wanyama za Marekani, na mwaka 2010 kundi moja lilirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kuvu huyo husafiri katika maji na vitu vilivyolowa, kwa hiyo mosi mbichi yenye tope la msituni inaweza kumleta ndani ya kizimba chako, na maji machafu ya kizimba yakimwagwa kijitoni yanaweza kumpeleka kwa vyura wa porini. Maji hayo yamwagie maji yanayochemka au uyatie dawa ya klorini kwanza, kisha yamwage kwenye udongo mkavu.

Mosi iko nyumbani kwako. Itafute kwenye upande wenye kivuli wa tangi la maji au chini ya bomba la uani, mahali ambapo hapajapigwa dawa, ichukue kidogo, isuuze katika maji mengi, iweke wiki nne katika ndoo yenye kifuniko angavu ili uone kama inakua, halafu ipandikize. Itajaza ukuta polepole, pengine kwa miezi sita.

SWALI: Hapa Kyela vyungu vya Wakisi kutoka Ikombe huvunjika kwa wingi mitumbwini na sokoni Matema, na makumbi ya nazi nayo yapo. Je, vinaweza kutumika?
Msomaji, Kyela

JIBU: Vinafaa, na nimefurahi sana kusoma barua yako. Udongo uliochomwa bila kupakwa rangi ya kung'aa hautoi kitu chochote kibaya, hunywa maji na kuyaachia taratibu, hauozi, na nyenje hawezi kuutafuna. Chukua vigae vya vyungu vipya tu, ambavyo havijapikiwa wala kuhifadhiwa mafuta, chumvi au samaki, kwa sababu udongo uliofyonza chumvi utaendelea kuitoa. Lainisha kingo zote kwa kusugulia kwenye jiwe mpaka kidole chako kipite bila kukwaruzwa. Vipange kwa kupandana kama magamba ya samaki, kuanzia chini, ukivishika kwa silikoni ya matangi ya samaki, na uhakikishe kwamba nyuma ya kila kigae ama pamejaa kabisa ama pana nafasi ya chura kuingia na kutoka kwa urahisi. Nafasi ya kati na kati, ambapo chura anaingia kichwa na kushindwa kugeuka, ndiyo inayoua. Nimewahi kuvunja ukuta mzima wa rafiki yangu kumtoa chura aliyekwama nyuma yake siku mbili.

Kumbukeni uzito pia, kwa kuwa vigae vya kimo cha sentimita 60 ni mzigo, na kizimba kikae juu ya meza imara. Makumbi nayo ni mazuri kwa kujazia kati ya vigae, lakini makumbi yaliyolowekwa katika maji ya bahari kabla ya kusafirishwa huja na chumvi. Yaloweke siku tatu, ukibadilisha maji kila siku, na uondoe nyuzi ndefu zilizolegea zinazoweza kumzonga chura mguuni au kumezwa.

SWALI: Nilibandika matawi kwa silikoni ya matangi ya samaki siku nane zilizopita, na bado nasikia harufu ya siki. Je, nimeuziwa bandia?
Msomaji, Makete

JIBU: Si lazima iwe bandia. Silikoni hukauka kwa unyevu wa hewa, kuanzia nje kwenda ndani, kwa wastani wa milimita mbili au tatu kwa siku katika joto la kawaida, na Makete ya msimu huu haina joto hilo. Ukiwa umeweka bonge nene nyuma ya tawi, sehemu ya ndani bado ni mbichi. Usiiharakishe kwa jiko la mkaa chumbani, kwa sababu utajidhuru wewe mwenyewe na moshi wake utaganda kwenye kila kitu. Kiweke kizimba karibu na dirisha linalopata jua la asubuhi, mlango wake ukiwa wazi mchana. Jioni ufunge, na asubuhi, kabla ya kufanya jambo lingine lolote, fungua na uingize pua. Ukisikia siki, hata kwa mbali, acha siku nyingine mbili. Zikipita asubuhi tatu mfululizo ambazo husikii kitu isipokuwa harufu ya mti na udongo, suuza kuta zote kwa maji safi, futa, na uwarudishe vyura wako jua linapozama, ili wawe na usiku mzima wa kuzunguka na kuchagua wenyewe mahali pa kulala.